Intore na Sadir: Wacheza Ngoma wa Ikulu

Kamembe si mbali na Bukavu. Ni kuvuka mto Rusizi tu. Huko ndiko Wabelgiji walikomhamishia Yuhi Musinga, mwami wa Rwanda, walipomwondoa kitini mwezi Novemba 1931. Mwaka 1940 walimpeleka Moba, Kongo, alikofariki mwaka 1944. Historia humkumbuka kwa kukataa ubatizo. Ni nadra kuulizwa wacheza ngoma wake walipatwa na nini.

Intore, maana yake wateule, walikuwa vijana waliopelekwa ikulu kulelewa katika itorero. Walifunzwa kucheza, naam, lakini pia kujisifu kwa ushairi, kurusha mkuki, kulenga kwa upinde, kuruka juu na kunena barazani. Njuga za miguuni ndizo zilizoshika mapigo. Singa nyeupe za kichwani zilipepea kila shingo ilipogeuka. Ngoma ilikuwa sehemu moja tu ya malezi ya askari na mtawala.

Chini ya Rudahigwa, mwana wa Musinga, ngoma iliendelea kuchezwa Nyanza. Hata hivyo, wana wa machifu walikuwa wakipelekwa Groupe Scolaire ya Astrida, iliyoasisiwa mwaka 1929, kusomea ukarani na utawala. Elimu ikahama, miondoko ikabaki. Mwaka 1950 wacheza hao walionekana katika filamu ya Kimarekani, King Solomon's Mines, kama pambo la Afrika.

Bara Hindi lilikwisha kuyaona hayo. Waingereza walipoutwaa Thanjavur mwaka 1855, wanawake wa sadir walipoteza mfadhili wao, na wengi wakahamia Madras. Sheria ya mwaka 1947 ikapiga marufuku kuwaweka wasichana wakfu hekaluni. Wakati huo ngoma yao ilikwisha kupewa jina la heshima, Bharatanatyam, na Rukmini Devi, mwanamke wa tabaka la Brahmin, aliicheza hadharani mwaka 1935. Sanaa ilitakaswa, walioihifadhi wakadharauliwa. Balasaraswati, aliyezaliwa katika ukoo wa wacheza hao, alipinga utakaso huo: kwake mahaba yaliyoondolewa ndiyo yaliyokuwa roho ya ngoma.

Rwanda ufalme wenyewe uling'olewa mwaka 1961. Jina la itorero lilirudishwa na serikali mwaka 2007, safari hii kwa mafunzo ya uraia, ambayo si ya wacheza ngoma peke yao. Intore nao, walioandikishwa na UNESCO mwaka 2024, huchezea arusini na mbele ya wageni.