Maarifa ya Mpigakura na Kura Tatu: Tanganyika, 1958–1959

Katika uchaguzi wa kwanza wa Baraza la Kutunga Sheria la Tanganyika, uliofanyika kwa awamu mbili, Septemba 1958 na Februari 1959, kila mpigakura alitakiwa kuchagua wagombea watatu: Mwafrika, Mwasia na Mzungu. Aliyemchagua Mwafrika pekee, hata kwa kiu ya uhuru, kura yake iliharibika.

Sharti hilo liliugawa mkutano mkuu wa TANU uliofanyika Tabora, Januari 1958. Wajumbe wengi walielekea kuususia uchaguzi. Julius Nyerere aliwashawishi washiriki, na Zuberi Mtemvu akajitenga. Tangu hapo, chama kililazimika kuwaelimisha wapigakura namna ya kupiga kura tatu na kuwaeleza ni Mwasia na Mzungu gani wanaounga mkono madai ya uhuru. Wagombea walioungwa mkono na TANU, miongoni mwao Sophia Mustafa na Derek Bryceson, waliingia barazani. Kanuni iliyokusudiwa kulinda nafasi ya walio wachache ikageuzwa kuwa njia ya kuelekea uhuru.

Hata hivyo, masharti ya elimu, kipato au wadhifa yaliwaacha Waafrika wengi nje ya daftari. Aidha, kuelekezwa na chama nani achaguliwe si sawa na kumpima mgombea. Uchaguzi huo unathibitisha kwamba maarifa huipa kura nguvu. Hauthibitishi kwamba mpigakura alikuwa na uhuru wa kuyahoji maarifa aliyopewa.