Mpaka Ndani ya Ziwa Tanganyika

Ziwa Tanganyika lina kina cha mita 1,470 hivi, na Afrika nzima hakuna ziwa lenye kina kuliko hilo. Hata hivyo, samaki wake hukaa katika maji ya juu tu. Ukivuka mita 200 oksijeni imekwisha, na maji yananuka kama yai viza.

Kinachoyatenga maji hayo ni joto. Juu huwa nyuzi 26 hivi, kilindini 23 na kitu. Tofauti ni ndogo, lakini inatosha: maji ya vuguvugu ni mepesi, hukaa juu ya yale ya baridi bila kuchanganyika nayo.

Kulipima joto la kilindini kulihitaji ufundi. Kipimajoto cha kawaida hubadilika kikivutwa juu. Kwa hiyo kilibuniwa cha zebaki kinachopinduliwa kikiwa huko huko chini. Uzi wa zebaki hukatika, na kipimo hubaki kilivyo mpaka mtu akisome mashuani. Mbelgiji Louis Stappers alipima ziwa hili miaka ya 1912 na 1913. Mtafiti Beauchamp akafuata mwaka 1938, kisha msafara wa Wabelgiji wa 1946 na 1947.

Mpaka huo kati ya maji ya juu na ya chini hulegezwa na upepo. Kuanzia Mei hadi Septemba kusi huyasukuma maji ya juu kuelekea Burundi, na huku Mpulungu, upande wa kusini, maji ya chini hupanda na rutuba yake. Mwani hustawi, vijidudu huula, dagaa hula vijidudu, migebuka hula dagaa. Kitoweo cha Kigoma kinautegemea upepo huo.

Mwaka 2003 watafiti Catherine O'Reilly na Piet Verburg, kila mmoja na wenzake, walitangaza matokeo ya kulinganisha vipimo vya kale na vipya. Ziwa limepata joto, na maji ya juu yamepata zaidi, hivyo upepo unashindwa kuyachanganya kama zamani. Wengine walipinga kwamba joto ndilo lililopunguza samaki: samaki wamemalizwa na nyavu. Ubishi huo ulikuwa wa haki, maana uvuvi uliongezeka kweli. Lakini mwaka 2016 Andrew Cohen na wenzake walichunguza tope la sakafuni, lenye mabaki ya samaki yaliyorundikana kwa karne nyingi. Mabaki hayo yalianza kupungua kadiri ziwa lilivyopata joto, kabla uvuvi mkubwa wa biashara haujaanza.