Akiba ya Mnyonge na Somo la Fedha Shuleni

Limezuka tena dai kwamba shule za umma zimfundishe kila mwanafunzi namna ya kutunza fedha zake: kuweka akiba, kupanga matumizi, kujihadhari na madeni. Dai hilo hatulipingi. Mwananchi anayechukua kwa simu mkopo ambao watu wenyewe wameubatiza jina la "kausha damu", bila kuweza kupiga hesabu ya riba yake, ni dhahiri kwamba alinyimwa kitu alipokuwa darasani. Lakini somo lenyewe si jipya, na historia yake inatulazimisha kuuliza swali ambalo kwa kawaida halimo kitabuni: akiba ya mnyonge ikishawekwa, ni nani anayeitumia?

Mwaka 1834 shule ya mji wa Le Mans, Ufaransa, ilianzisha mfuko wa akiba wa watoto. Mwaka 1866 François Laurent, profesa wa sheria, aliueneza mpango wa namna hiyo katika shule za Ghent, Ubelgiji, mji wa viwanda vya nguo. Mtoto alileta senti yake darasani, ikaandikwa kitabuni, ikapelekwa benki. Mzaliwa mwingine wa Ubelgiji, John Henry Thiry, aliupeleka mpango huo katika shule za Long Island City, Marekani, mwaka 1885. Laurent mwenyewe aliwatakia wafanyakazi mema. Lakini wenye viwanda waliusikia wimbo mwingine, wimbo ulioimbwa sana karne hiyo, kwamba mfanyakazi ni maskini kwa kuwa ni mfujaji. Habari ya ujira wake iliachwa nje ya mlango wa darasa.

Fundisho kubwa zaidi, hata hivyo, lilikwisha kupatikana huko huko Marekani, miaka ishirini kabla ya Thiry. Tarehe 3 Machi, 1865, Rais Abraham Lincoln alitia sahihi sheria ya kuunda benki ya akiba ya Weusi waliotoka utumwani. Shule na benki zilikwenda pamoja, tena mikononi mwa mtu mmoja: John W. Alvord, mkaguzi mkuu wa shule zilizosimamiwa na Idara ya Watu Walioachwa Huru, ndiye aliyeihimiza benki hiyo tangu mwanzo, na mwaka 1868 akawa rais wake. Watu waliokuwa wakijifunza kusoma walifundishwa papo hapo kwamba mtu huru ni yule mwenye akiba. Wakaitikia. Vibarua, wafuaji nguo, askari waliopigana vita na watoto wao walijinyima, wakaweka.

Hapo mwanzo sheria ilitaka amana hizo ziwekwe hasa katika hati za dhamana za serikali. Mwaka 1870 sheria ikarekebishwa, na mikopo ya rehani ya ardhi na majumba ikaruhusiwa. Mwenyekiti wa kamati ya fedha ya benki alikuwa Henry Cooke, ndugu wa Jay Cooke, bwanyenye aliyekuwa akiuza hisa na hati za reli. Fedha za wafuaji nguo zikaanza kutembea katika biashara za marafiki. Septemba 1873 kampuni ya Jay Cooke ikaanguka, na uchumi wa Marekani ukatikisika. Machi 1874 Frederick Douglass, mpiganaji mashuhuri dhidi ya utumwa, alifanywa rais wa benki, akatia humo dola 10,000 zake mwenyewe kabla hajaitambua hali halisi. Mwishoni mwa Juni benki ilifungwa. Watu zaidi ya 61,000 walikuwa na amana humo, jumla karibu dola milioni 3. Waliobahatika walirudishiwa kama senti 62 kwa kila dola, kwa mafungu ya miaka mingi. Wengi hawakupata kitu.

Tuangalie vizuri nani alishindwa mtihani hapo. Mwanafunzi alifuata kila alichofundishwa. Hakufuja. Asichofundishwa ni kusoma hesabu za benki yake, wala hakuwa na kiti katika kamati iliyotoa mikopo. Leo majimbo zaidi ya nusu ya Marekani yamefanya somo la fedha kuwa sharti la kumaliza sekondari. Na hata sasa mzigo huelekea kutuliwa kichwani mwa mwanafunzi peke yake.

Kwetu Tanzania njia nyingine ilikwisha kuonyeshwa. Katika "Elimu ya Kujitegemea", Machi 1967, Mwalimu Nyerere alitaka kila shule iwe na shamba au karakana, na wanafunzi washirikishwe katika kupanga kazi na kuamua juu ya matunda yake. Hilo lingekuwa somo la fedha la kweli: mbolea imegharimu kiasi gani, mahindi yameuzwa bei gani, ziada inunue madawati au mbegu. Hatuna budi kukiri kilichotokea katika shule nyingi. Jembe lilibaki, tena mara nyingine likawa adhabu ya mchelewaji. Hesabu zilikaa ofisini. Wengi wetu tuliolima mashamba hayo tulimaliza shule tukijua idadi ya matuta, lakini hatukuambiwa hata siku moja gunia liliuzwa kwa shilingi ngapi.

Kwa hiyo wanaotunga mitaala wasianzie kwenye kibubu cha mtoto. Waanzie na kitabu cha mapato na matumizi cha shule yenyewe, kisomwe mbele ya wanafunzi kila muhula, na mwanafunzi aruhusiwe kuuliza.