Utulivu wa Ufuko Ulikuwa wa Nani?

Mwanafunzi wa Mchombe, katika bonde la Kilombero, huenda hajapata kuiona bahari. Lakini maji ya bondeni kwao huifikia. Mto Kilombero hukutana na Luwegu ukawa Rufiji, nao Rufiji humwaga maji yake katika Bahari ya Hindi, mkabala wa kisiwa cha Mafia. Kwa hiyo habari za ufuko si za watu wa pwani peke yao.

Tuutazame ufuko wa Oyster Bay, Dar es Salaam. Sifa yake ni utulivu: barabara zenye vivuli, nyumba zilizojitenga ndani ya bustani, na upepo wa bahari. Mgeni aweza kudhani kwamba utulivu huo ni tunu ya bahari yenyewe. Lakini jirani tu, Msasani, palikuwa na kijiji cha wavuvi, chenye ngalawa, nyavu na shughuli nyingi, na bahari ni ile ile.

Historia yatueleza sababu. Mwaka 1924 serikali ya Waingereza iliugawa mji katika kanda tatu za ujenzi. Kanuni zilitaja aina ya nyumba, si rangi ya mtu. Hata hivyo, ni wachache tu walioweza kujenga nyumba ya namna ya Kizungu. Oyster Bay ilipojengwa tangu miaka ya 1930, ikawa makazi ya Wazungu, na Waafrika wengi wakabaki Kariakoo na Ilala. Mwafrika aliingia Oyster Bay kwa mlango wa kazi: mpishi, dobi, mtunza bustani. Utulivu ule, basi, ulilindwa kwa kanuni.

Baada ya Uhuru wa mwaka 1961, viongozi na mabalozi walikaa katika nyumba zile. Ubaguzi wa rangi uliondoka, lakini tofauti ya cheo na mali haikuondoka. Ufuko wenyewe, hata hivyo, uliwapata wananchi: sehemu iitwayo Coco Beach hujaa watu mwisho wa juma, wakila mihogo ya kukaanga na kunywa madafu.

Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 yakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ufuko wa bahari, na vile vile kutoka ukingo wa mto. Oyster Bay na Kilombero sasa zimo chini ya sheria moja. Hatuna budi kuangalia isije ikatumika kama kanuni za 1924, mvuvi akaondolewa na tajiri akabakizwa. Utulivu wenye heshima ni ule usiomfukuza mtu.