Benghazi, Luxembourg, Reykjavik

Nilikata tikiti za ndege Kimathi Street enzi za vijitabu vya kaboni nyekundu, ile kaboni iliyokuwa ikikushika vidole mpaka ukashuka nayo Kangemi jioni. Wateja wa New York waliuliza jambo moja kabla hata ya nauli: "Ni masaa mangapi?" Nami niliwajibu kwa swali: unabadilishia ndege wapi? Kilomita ni zilezile, karibu 11,800, na ndege za leo hazina mwendo wa kuzishinda sana Boeing 707 za zamani. Kilichokula muda ni vituo.

Septemba 1959 Tom Mboya aliwasafirisha wanafunzi 81 kwenda Marekani kwa ndege ya kukodi, Bristol Britannia ya mapangaboi manne. Nauli ilichangishwa hukohuko kwa barua iliyotiwa saini na Jackie Robinson, Harry Belafonte na Sidney Poitier. (Na kwa kuwa ubishi huu hauishi kwenye meza za nyama choma Dagoretti Corner: Barack Obama, yule mzee, hakuwamo. Alienda Hawaii mwaka huohuo kwa njia yake.)

Mwaka uliofuata ikawa zamu ya Wangari Maathai, msichana aliyekuwa amemaliza masomo Loreto, Limuru. Walitua Benghazi, wakatua Luxembourg, wakatua Reykjavik, kisha Newfoundland, ndipo New York. Kote huko ni mafuta yaliyotafutwa. Na safari haikuishia hapo: yeye alikuwa anaenda Kansas, akapanda basi.

Nairobi yenyewe ina lawama yake. Uwanja wa Embakasi, uliofunguliwa 1958, uko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari. Hewa ya huku juu ni nyepesi. Injini haipati nguvu zake zote na mabawa hayabebi kama yanavyobeba Mombasa. Ukijaza mafuta ya kuvuka Afrika na Atlantiki, lazima upunguze kitu kingine, watu au mizigo. Jua la mchana huzidisha shida, ndiyo maana safari ndefu hupenda kuondoka usiku, baridi ikishaingia.

Ilibidi pia Marekani iridhike na usimamizi wetu wa anga, na kibali hicho kilikuja 2017. Tarehe 28 Oktoba 2018, usiku, Dreamliner ya Kenya Airways ikapaa Nairobi na kutua New York bila kugusa chini popote: kama saa 15 kwenda, 14 kurudi.

Hiyo saa moja ndiyo ninayoulizwa sasa, ingawa niliacha kazi zamani. Jirani yangu, mama mfanyabiashara, alitaka kujua kama kurudi ni mteremko. Nikamweleza kwamba huko juu upepo mkali huvuma kutoka magharibi, kwa hiyo ukienda unakukabili, ukirudi unakusukuma.

"Basi," akasema, "wakati wa kurudi wanapata upepo wa bure. Kwa nini nauli haishuki?"

Miaka yangu yote kaunta, hakuna mteja aliyewahi kunibana hivyo.