Ngozi ya mafuta: kwa nini uso unang'aa na namna ya kuutunza

Ukishuka kutoka Mgeta kuja Morogoro mjini mwezi wa Februari, uso huanza kung'aa kabla hujafika stendi. Wengi hudhani ule mng'ao ni uchafu, wakausugua kwa sabuni ya kufulia, limao au dawa ya meno. Hapo ndipo matatizo huanza.

Mafuta yanatoka wapi?

Ndani ya ngozi kuna tezi ndogo zinazotengeneza mafuta ya kuilinda isikauke. Ziko nyingi zaidi usoni, kifuani na mgongoni. Homoni za balehe huziamsha, ndiyo maana vijana husumbuka zaidi. Urithi, hedhi na ujauzito navyo huchangia, na joto huongeza mng'ao. Mafuta yakichanganyika na seli zilizokufa huziba vitundu vya ngozi, na chunusi hutokea.

Utajuaje?

Nawa uso, usipake kitu kwa saa moja, kisha gandamiza karatasi laini kwenye paji la uso, pua, kidevu na mashavu. Ikilowa mafuta kote, ngozi yako ni ya mafuta. Ikilowa paji, pua na kidevu tu, ni ya mchanganyiko.

Matunzo ya kila siku

• Nawa asubuhi na jioni, na baada ya kutoka jasho, kwa sabuni laini isiyo na manukato makali. Usisugue; kausha kwa kugandamiza taulo safi.
• Paka losheni nyepesi. Mafuta ya mgando na ya nazi yaache kwa miguu na mikono.
• Zuia mafuta ya nywele yasitiririke hadi kwenye paji.
• Dereva wa bodaboda, safisha kofia yako ngumu kwa ndani. Jasho na msuguano huchochea chunusi.
• Usikamue chunusi. Kovu hukaa kuliko chunusi yenyewe.

Jihadhari na mkorogo

Krimu za kuchanganya zinazouzwa bila maelezo huweza kuwa na steroidi, haidrokwinoni au zebaki, viambato vilivyopigwa marufuku katika vipodozi nchini. Steroidi hutuliza chunusi siku za mwanzo, ukafurahi. Baadaye ngozi hukonda, na ukiacha kupaka chunusi hurudi kwa nguvu. Zebaki hudhuru figo. Tangu 2019 usalama wa vipodozi unasimamiwa na Shirika la Viwango Tanzania, TBS. Soma lebo, kopo lisilo na lebo liache dukani.

Wakati wa kumwona daktari

Chunusi zikiwa kubwa, zenye maumivu au zinazoacha makovu, nenda kituo cha afya mapema. Dawa zipo, ila nyingi huhitaji wiki sita hadi nane kuonyesha mabadiliko, na nyingine hazifai kwa mjamzito, hivyo mweleze daktari hali yako. Mafuta ya uso hayaishi, wala hayatakiwi kuisha. Yanahitaji kupunguzwa tu, kwa upole, kila siku.