Mbegha: kigego aliyekabidhiwa Usambara

Zamani katika milima ya Nguu, mtoto aliyeota meno ya juu kabla ya ya chini aliitwa kigego. Iliaminika kuwa nuksi yake ingewamaliza jamaa zake, na wengi wa watoto hao hawakuachwa waishi. Leo muuguzi yeyote wa kliniki anajua kuwa meno ya chini kwa kawaida hutangulia, wapo wachache wanaoanza na ya juu, na hawadhuru mtu.

Mbegha alizaliwa hivyo huko Nguu, nchi iliyokuwa katika Wilaya ya Handeni hadi Wilaya ya Kilindi ilipomegwa humo mwaka 2002. Masimulizi yanasema wazazi wake walimficha wakamlea. Walipofariki, ndugu walimnyima urithi kwa hoja moja tu: kigego harithi. Hapo ndipo pananigusa zaidi. Hofu ya wazee wale ilikuwa ya kweli, siibezi. Lakini siku ya kugawana mali, hofu hiyohiyo iliwafaa wenye tamaa, na nani angethubutu kuihoji bila kuonekana anawatakia jamaa kifo?

Akafukuzwa. Akaenda na mbwa na mikuki yake hadi mahali paitwapo Kilindi, kisha akavuka Mto Ruvu, yaani Pangani, upande wa Korogwe, akapanda Usambara. Nguruwe mwitu walikuwa wakifukua mashamba ya Wasambaa. Mbegha akawaua, akagawa nyama, naye akapewa vyakula vya shambani. Watu wakampelekea mashauri yao ayaamue. Mwishowe wenyeji wa Vuga, hukohuko Usambara, wakamkabidhi nchi, katika nusu ya kwanza ya karne ya 18. Walimpima kwa waliyoyaona akiyatenda.

Habari hizi aliziandika kwa Kiswahili Abdallah bin Hemedi, aliyemtumikia Semboja, mtawala wa Mazinde wa ukoo wa Wakilindi, yaani uzao wa Mbegha, katika kitabu *Habari za Wakilindi*. Mwanahistoria Steven Feierman, katika utafiti aliouchapisha mwaka 1974, hakuridhika na simulizi la ukoo mmoja. Alilinganisha masimulizi ya sehemu mbalimbali za Usambara, akaona kuwa ujio wa wafugaji wa Kimbugu na mifugo yao ulikuwa umeutikisa utaratibu wa zamani wa Wasambaa, hivyo walihitaji mtu wa kuwaunganisha. Kwake, mengi katika kisa cha mwindaji ni ishara, si kumbukumbu ya tukio. Naona ana hoja. Hata hivyo, ishara waliyoichagua Wakilindi inashangaza: wenye enzi hawakuificha aibu ya babu yao, waliisimulia kizazi hadi kizazi.

Lakini kusimulia hakukutosha kuwaokoa vigego wengine. Wakilindi walipanua utawala wao hadi Bonde, chini ya milima, wakakaa huko miaka mingi. Mwishoni mwa karne ya 19 wamisionari waliandika kuwa Wabondei, wenyeji wa huko, walikuwa bado wanawaua vigego. Kisa cha Mbegha, naona, kilihesabiwa kuwa habari ya mfalme, na mtoto mchanga wa mkulima hakuhesabiwa ndani yake.